Fisi Mkaguzi na Ubao wa Mwalimu Kanga

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa nini?
— Pakawa shule!
Mnanidanganya nyie?
— Hata wewe tunakutilia shaka!

Safi. Mtilieni shaka kila mtu kwenye ngano hii, isipokuwa mimi. Mimi niliacha shule darasa la tano, na hasara ikawa ya shule.

Basi, Fisi alikuwa mkaguzi wa shule za porini. Kutwa anapita akipayuka: "Elimu imeshuka! Nataka ubora!" Kila akisema "ubora", mate yanamdondoka, to! to! to! Maana sheria yake ilikuwa moja tu: mwalimu ambaye mwanafunzi wake hajui kusoma, anahamishiwa nyumbani kwa Fisi. Mwalimu Kwale alihamishwa. Kilichorudi ni manyoya.

Ikafika zamu ya Mwalimu Kanga wa darasa la tatu. Akatimua mbio, puru puru puru, mpaka kwa Pimbi, kile kinyama kifupi kisicho na mkia. Pimbi ndiye katibu wa chama cha walimu.

"Katibu, naliwa!"

"Kwani watoto hawajui kusoma?"

"Katibu, nimekuja kuulizwa maswali au kuokolewa?"

Pimbi akamtazama kwa jicho moja. "Haya. Waambie wote wanyooshe mikono. Anayejua, wa kulia. Asiyejua, wa kushoto. Wewe uchague wa kulia."

Siku ya ukaguzi wazazi wakajaa madirishani, Nyati mbele.

"Nani atasoma ubaoni?" akauliza Fisi.

Mikono juu, shwaa! Ya kushoto mingi, mingi mno.

Fisi akakunja uso. "Darasa zima linajua? Hapa kuna mchezo."

"Chama kinakubali una shaka, mheshimiwa," akasema Pimbi, aliyesimama kando ya Kanga. "Ila mwalimu ndiye huchagua."

"Leo nachagua mimi! Wewe wa nyuma, mkono wa kushoto!"

Mtoto wa Nguchiro akasimama. Akatazama ubao. Akamtazama Pimbi. Akasema mbiombio: "Imeandikwa, babu ana jembe."

"Amekosea!" Fisi akaruka, akamkaba Kanga shingo, kwaa!

"Chama kinakubali," akasema Pimbi. "Kama amekosea, mle. Ila tusahihishie kwanza, mheshimiwa. Imeandikwaje?"

Fisi akaukodolea ubao macho. Mate yakakauka.

"Imeandikwa... nyama."

"Herufi ya kwanza ni ipi?" akauliza Nyati.

"Ya kwanza? Si hiyo ya mbele!"

Wazazi wakacheka, kisha wakanuna. "Huyu ndiye anayewapima wanetu?" Nyati akaingia, akainamisha pembe, pu! Fisi huyo, kapita dirishani, Kanga kaanguka chini mzima.

"Chama oyee!"

"Oyee!"

Akabaki Mama Nguchiro. Akausogelea ubao, akainamisha kichwa huku, akakiinamisha kule. Mbona ni mikwaruzo ya kucha, kama ile ya Kanga akichakura mchwa jalalani?

"Katibu, mwanangu alisoma nini hapa?"

"Swali zuri, mama. Chama kinakubali. Ila tulipeleke kikaoni."

Na Kanga alishaanza kufuta kwa bawa, fu! fu! fu!

Fundisho lake: mheshimu mkaguzi, mheshimu mwalimu, kiheshimu chama, na usiuchungulie ubao.

Ngano yangu imeishia hapo. Aliyeielewa anyooshe mkono wa kulia, ambaye hakuielewa wa kushoto.

Eeh! Mikono yote juu! Shule njema hii.