Kipande cha Dhahabu Kilichobaki

Sogeeni, jamani, na walio mlangoni wapeni nafasi wakae. Ninayo hadithi, lakini mwisho wake umenishinda. Ndiyo maana nimewaletea ninyi.

Katika nchi ya Italia kuna mji uitwao Ravena. Ni mji wa tambarare, wenye maji chini ya ardhi na makanisa ya kale juu yake. Kuta za makanisa hayo zina mozaiki, yaani picha zilizoundwa kwa vipande vidogo vya kioo na mawe, kila kimoja kama punje ya mahindi, vikapangwa kwa maelfu mpaka vikawa uso wa mtu, au nyota, au kondoo malishoni.

Basi zamani, katika mtaa mmoja wa mji huo, palikuwa na kanisa dogo la matofali, Kanisa la Mama wa Kisima. Kwa nje usingeligeukia mara mbili. Lakini ndani, nyuma ya altare, ukuta mzima ulikuwa mozaiki: Mama mwenye vazi la buluu iliyokolea ameinama kisimani, anamnywesha mtoto maji kwa viganja vyake. Watu wa mtaa ule walibatizwa mbele ya Mama huyo, wakaoana mbele yake, na siku zao zilipokwisha wakaagwa mbele yake.

Mtaani humo waliishi watu watatu wenye vipaji.

Wa kwanza ni Nazarena, fundi mwashi. Alirithi mwiko wa baba yake kwa kuwa hakuwa na kaka, na wanaume waliomcheka mwanzoni baadaye walimwita awakagulie nyumba zao. Aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akakuambia ulipo ufa hata kama jicho halikuuona.

Wa pili ni Ilario, mchoma vioo, mgane mwenye binti mmoja. Huyo ukimwonyesha rangi yoyote, ya ngozi ya zabibu au ya maji ya bwawa, ataitafuta kwenye tanuru yake mpaka aipate.

Wa tatu ni Sista Oliva, mtawa mzee. Homa ilimziba masikio akiwa msichana. Alielewa maneno kwa kutazama midomo, lakini padri akiwa mbali altareni hakuambulia kitu. Kwa hiyo kwa miaka arobaini na mitatu, wenzake wakiimba, yeye alikuwa akiutazama ukuta.

Asubuhi moja ya Kwaresima ardhi ilitetemeka. Haikuchukua muda mrefu kuliko kusema Baba Yetu, na hakufa mtu. Lakini walipofungua kanisa walikuta uso wa Mama, mikono yake na bega moja vimemwagika sakafuni. Ukuta wenyewe ulikuwa umepasuka na kuinamia mbele.

Wazee wa mji wakaja, wakatikisa vichwa.

"Padri Venanzio," wakasema, "ukuta huu utaua watu. Tuubomoe, tujenge mwingine, tuupake chokaa."

Padri akaomba muda. Wakampa mpaka Pentekoste, basi.

Nazarena akaja, akagonga ukuta kuanzia juu hadi chini. "Ukuta ni mzima," akasema. "Mgonjwa ni mguu wake." Akachimba chini ya msingi, akakuta maji yameula udongo. Kwa wiki tano alishinda shimoni, maji yakimfika kiunoni, akipigilia nguzo za mwaloni na kushindilia mawe, na ukuta ule ukiwa juu ya kichwa chake umeegemezwa kwa magogo tu. Dada yake alikuja kumlilia ukingoni.

"Nazarena, ukikuangukia je?"

"Basi mtanizika hapa hapa. Hamtapata taabu ya kunibeba."

Ukuta ukasimama. Lakini magoti yake yalikuwa yameingiwa na baridi, na tangu hapo hakuweza tena kupanda ngazi ndefu bila kushikwa mkono. Mwashi asiyepanda ngazi, mnajua wenyewe.

Ilario alikagua vipande vilivyoanguka. Vya dhahabu na vya rangi ya ngozi vilikuwa vimepona. Vya buluu vilikuwa unga. Akachoma kioo mara moja, kikatoka kijani. Akachoma tena, kikatoka cheusi. Mara kumi na tisa alichoma, nyingine buluu nzuri ajabu, lakini si buluu ya Mama. Nyumbani kwake palikuwa na bakuli kubwa la kioo cha buluu, kazi ya mafundi wa kale, alilokuja nalo marehemu mkewe siku ya harusi. Siku moja alilishika, akalipeleka kwenye mwanga wa dirisha, akalitazama kwa muda mrefu. Kisha akachukua nyundo.

Binti yake akapiga kelele, "Baba, hilo ni la mama!"

"Najua ni la nani," akasema Ilario, na akalivunja.

Aliliyeyusha pamoja na kioo chake, na mchomo wa ishirini ukatoa buluu yenyewe.

Sasa ukuta upo, na vipande vipo, vimejaa vikapu kumi na viwili. Kipi kinakwenda wapi? Mchoro haukuwapo. Hapo ndipo Sista Oliva alipopandishwa kwenye jukwaa la mafundi mbele ya ukuta akiwa ameketi kwenye kiti, kama malkia. Akaelekeza kwa kidole, kipande kwa kipande: hiki ni cha ukope, hiki ni cha kivuli cha pua. Ilario akabandika, na Nazarena akakoroga chokaa chini. Walipofika kwenye macho, Padri Venanzio akashauri Mama awatazame watu, maana waumini hupenda kutazamwa.

"Padri," akasema Sista Oliva, "mimi nimemtazama miaka arobaini na mitatu, na hajanitazama hata siku moja. Anamtazama mtoto wake."

Padri akacheka. Macho yakawekwa yakimtazama mtoto. Lakini vumbi la chokaa lilikuwa likiyala macho ya mtawa siku hadi siku, na kazi ilipokwisha, ilibidi umsogelee karibu kabisa ndipo aione midomo yako.

Siku ya Pentekoste milango ikafunguliwa. Watu waliingia wakipiga soga, wakapiga magoti mmoja mmoja. Wazee wa mji walisimama nyuma wakiwa wamevua kofia. Mtoto mchanga akabatizwa, akalia sana, na kila mtu akafurahi. Baadaye meza zikatandikwa uwanjani, wakala mkate, jibini na samaki wa kukaanga.

Wakiwa bado wanakula, mfagiaji akatoka na kipande kimoja cha dhahabu alichokiokota chini ya jukwaa. Walirudi wakatafuta nafasi yake ukutani. Hakuna. Kila tundu lilikuwa limejaa.

Padri Venanzio akakiweka kiganjani. "Hiki kiwe cha yule aliyemwokoa Mama. Kitakuwa chake, na cha atakaowaachia."

"Kigawe," mtu akasema.

"Hakigawanyiki," akajibu Ilario. "Dhahabu yake ni utando. Ukikikata, inabanduka yote."

Mabishano yakaanza. "Bila Nazarena kungekuwa na kifusi!" "Bila Ilario Mama angekuwa uchi!" "Bila Sista tungekuwa na vikapu kumi na viwili vya takataka!"

Padri akawauliza wenyewe.

"Mimi nakitaka," akasema Nazarena. "Sitasema uongo siku ya Pentekoste."

"Na mimi nakitaka," akasema Ilario. "Ningempa binti yangu."

Wakamsogelea Sista Oliva, wakamrudia swali polepole. Akatabasamu. "Mtawa hana mali. Lakini kwa hicho, ningemwomba mkuu wangu ruhusa."

Watu wakacheka mpaka wakafuta machozi, na hao watatu wakacheka kuliko wote, bega kwa bega kwenye benchi moja. Lakini hakuna hata mmoja aliyesema, "Mpeni mwenzangu."

Mmoja ametoa magoti, mmoja bakuli la mkewe, mmoja macho. Padri bado amesimama, kiganja wazi. Haya, wasikilizaji wangu, nimefika mwisho wa njia ninayoijua. Je, wewe ungekiweka mkononi mwa nani, na wale wawili waliobaki ungewaambia nini?