Alhamisi ya Baba

Wahenga hawakuwa na kompyuta, lakini mtu wa namna hii walimjua vizuri. Waliposema mchagua nazi hupata koroma, walimlenga yule anayesimama mbele ya fungu la nazi akaigonga hii, akaitikisa ile, akaikataa nyingine kwa kosa la kuwa na doa, huku wenzake wananunua na kwenda zao kupika. Mwisho wa yote hubakiwa na ile changa isiyokunika. Wapo wanaochagua nazi, wapo wanaochagua wachumba, na alikuwapo mmoja aliyechagua siku. Habari yake inauma, lakini na isimuliwe.

Alikuwa fundi wa programu katika ofisi ya ghorofani, chumba chenye meza ndefu, nyaya zilizosokotana kama utumbo na feni iliyolalamika kutwa. Wenzake walimwita Bwana Kalenda, kwa sababu hakuwahi kusahau jambo. Siri yake ilikuwa programu ya kukumbusha, isiyo na picha wala vitufe. Ilikaa ndani ya dirisha jeusi la skrini; unaiandikia amri kwa maneno, nayo inatii. Ukiiambia ikukumbushe kodi ya nyumba kila mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi ukiangukia Jumapili basi ikukumbushe siku moja kabla, itafanya hivyo hadi dunia iishe. Bwana Kalenda aliipenda kama watu wanavyompenda mtumishi asiyejibu.

Baba yake alikuwa fundi cherehani, mzee mcheshi aliyeishi na binti yake mkubwa, mwalimu wa chekechea, upande wa pili wa mji. Siku moja mwana alipokwenda kuwajulia hali, alimkuta mzee anahangaika kutunga uzi kwenye sindano.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Njoo unitungie. Sindano za siku hizi wanazitoboa kwa ubahili."

Mwana akacheka, akatunga. Dada hakucheka. Alimvuta ndugu yake hadi jikoni.

"Mdogo wangu, si sindano. Jana kaigonga fremu ya mlango kwa bega, mlango anaoupita miaka yote. Nimemwambia nimpeleke kwa daktari wa macho, hataki. Anasema mambo ya kitaalamu anataka ayasikie akiwa na mwanawe msomi."

"Nitampeleka mimi, dada. Daktari yupo lini?"

"Kila Alhamisi."

"Basi limekwisha hilo. Naliweka kwenye mashine."

Na kweli aliliweka. *Kila Alhamisi, nikumbushe kumpeleka baba.* Lau angeiacha amri hiyo hapo, hadithi hii isingekuwapo. Lakini mkono uliozoea kurekebisha haujui kutulia. Alhamisi ya kwanza ilipofika, kulikuwa na kikao cha wakubwa cha kila mwezi, akaongeza sharti: isipokuwa Alhamisi ya kwanza ya mwezi. Iliyofuata ilikuwa sikukuu, akaongeza: ikiwa sikukuu, sogeza wiki moja mbele. Ukaja mwisho wa mwezi, wakati wa kuwakabidhi wateja kazi zao, akaongeza la tatu. Kila sharti lilikuwa na sababu nzuri. Visingizio vibovu hata mtoto huvikataa; vizuri ndivyo vinavyotumaliza.

Bado hakuridhika. Alitaka siku safi, siku ambayo angekaa na baba yake bila simu kulia mfukoni, wakitoka kwa daktari waende wakale pamoja. Moyo wake ulikuwa mwema, na hilo ndilo linalohuzunisha. Basi akaandika sharti la mwisho: ikiwa katika orodha yangu ya kazi kuna hata moja ambayo haijafungwa kuwa imekwisha, sogeza wiki moja mbele. Akapumua. Alijiona ametenda haki.

Tangu hapo mashine ilinyamaza. Alhamisi zikaja na kupita, naye akauona ukimya ule kuwa dalili kwamba hakuna linaloharibika. Dada alipopiga simu, alijibu, "Iko kwenye mashine, dada, usijali." Dada alipopiga tena, alijibu vilevile, kwa sauti ya mtu aliyekatizwa. Mzee naye kila alipoombwa atoke na bintiye, alitikisa kichwa. "Mdogo wako ameahidi. Nikienda na wewe nitamvunja moyo."

Kisha ikaja asubuhi ambayo dada alirudi nyumbani katikati ya masomo kuchukua chaki alizosahau. Mlangoni alisikia cherehani ikilia, mzee akiimba kwa sauti ya chini. Alikuwa anashona gauni la mteja. Dada akasogea, akaona cherehani haina uzi. Sindano ilikuwa inapanda na kushuka tupu, na kitambaa kizima kimejaa matundu, mstari baada ya mstari, bila mshono hata mmoja.

"Nakaribia kumaliza," mzee alisema, akiutazama ukuta.

Dada alimpigia simu ndugu yake huku analia. "Njoo. Usiniambie habari ya mashine. Njoo sasa hivi."

Ilikuwa Alhamisi ya kwanza ya mwezi. Alikiacha kikao kinaendelea, na hakuna aliyemuuliza anakwenda wapi.

Daktari alikuwa mama mmoja mwenye sauti ya upole. Alimulika jicho moja, akamulika la pili, akarudia la kwanza. Halafu akazima taa yake na kukaa.

"Ni presha ya macho," alisema. "Haiumi, ndiyo maana inaiba polepole. Matone ya dawa yangeizuia, lakini kilichokwisha kupotea hakirudi. Sasa mzee ataona mwanga na kivuli tu. Tutajaribu kukilinda hicho. Mbona hamkuja mapema?"

Aliyejibu ni mzee.

"Mwanangu ana kazi nyingi, daktari. Kosa ni langu, sikumsumbua vya kutosha."

Laiti angemtukana. Tusi mtu hulimeza, lakini kutetewa na uliyemdhulumu ni mwiba usiotoka kooni. Mwana aliinamisha uso na kulia mbele ya daktari, mbele ya dada yake, mtu mzima mwenye ndevu zake.

Jioni, baada ya kumlaza baba, alifungua dirisha jeusi kwenye kompyuta aliyokuja nayo. Alitaka kujua ingemkumbusha lini, maana juma lile, kwa mara ya kwanza, alikuwa amezifunga kazi zake zote za ofisini. Akaiamuru mashine imtajie Alhamisi iliyokuwa inafuata. Ikajibu kwamba hakuna, si mwezi huo, si mwaka huo, wala baadaye. Akaiuliza sababu. Ikamwonyesha kwamba katika orodha yake imebaki kazi moja ambayo haijafungwa, na kwa hiyo siku inasogezwa mbele. Kazi yenyewe ilikuwa *kumpeleka baba*, kwa kuwa kila ukumbusho mashine iliuhesabu kuwa kazi. Kwa mkono wake mwenyewe alikuwa ameagiza kwamba baba asipelekwe hadi baba awe amekwisha kupelekwa.

Dada alikuja, akasoma juu ya bega lake, akaelewa. Hakumkemea. Alimwekea mkono mgongoni, akauacha hapo.

Katika chumba cha pili mzee alikuwa bado macho. "Mwanangu," aliita, "ile siku uliyokuwa unanitafutia, ingekuwaje?"

Mwana akaenda akakaa kitandani pake, akamshika mkono. "Ingekuwa nzuri, baba. Tungetoka wawili tu. Tungekula pamoja, tusiwe na haraka."

"Kumbe," mzee alisema, akigeuza uso kuelekea sauti ilikotoka. "Mimi yoyote ingenitosha."

Zilikuwapo Alhamisi tele, zenye kikao na zenye mvua, zenye kazi na zenye kelele, na katika yoyote kati ya hizo macho ya baba yangeokolewa. Aliitikisa hii, akaikataa ile, hadi ikambakia moja tu, ya kuongozana na kipofu. Ama kweli, mchagua nazi hupata koroma.