Homa ya Laptopu ya Fundi Baridi

Wahenga waliposema mficha uchi hazai, hawakuwa wakizungumzia nguo. Walimaanisha kwamba mwenye shida akiionea haya, akaifunika na kuikalia kimya, hatapata wa kumsaidia, na jema alilokuwa akilitarajia litampita mlangoni bila kubisha hodi. Wengi wetu tunaijua methali hii tangu shuleni na tunaiandika bila kukosea hata herufi. Kuiishi ndiko kunakotushinda. Hata Fundi Baridi aliijua, tena aliwatolea mara kwa mara wateja waliochelewa kumletea mafriji yao mpaka kompresa zikaungua.

Karakana ya Fundi Baridi ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake. Mafriji yalisimama humo ukutani kama wagonjwa wanaosubiri kuitwa, mengine yamevuliwa milango, mengine yamefunguliwa mgongo. Jina la Baridi alipewa na wateja, naye alilivaa kama kanzu ya sikukuu. Alikuwa mtu mwema, mcheshi, mwenye mkono mwepesi wa kazi na kichwa kigumu kidogo. "Joto ni adui yangu," alipenda kujigamba, "na adui yangu ananijua." Kila aliyekuja kuchukua friji lake aliondoka na wasia uleule: usilibane ukutani, liache nafasi nyuma lipate kupumua.

Mtoto wake wa mwisho alikuwa binti, muuguzi katika nchi ya mbali. Kwa kuwa alikuwa kitindamimba, nyumba nzima ilimwita Kitinda. Kabla ya kusafiri alimwachia baba yake laptopu yake na gemu moja ya mashindano ya magari ya milimani. Katika gemu hiyo watu wawili huwa gari moja: mmoja anashika usukani, mwingine anasoma ramani na kumtahadharisha mwenzake. Kila Jumamosi jioni, Fundi aliweka laptopu juu ya meza ya sebuleni, akavaa vipokea sauti masikioni, akawa dereva. Kitinda, huko aliko, akawa msoma ramani.

"Kona kali kulia, baba! Punguza!"

"Nimeiona, nimeiona!"

"Umeionaje na tumo mtaroni?"

Mama Kitinda aliwacheka mpaka akachoka. "Mzee mzima na mvi zake, anapigia kelele gari lisilokuwepo!" Lakini hakuwahi kuwakataza, kwa maana alijua jambo moja kuhusu mumewe. Fundi hakuwa mtu wa simu. Kwenye simu aliuliza hali ya hewa, akasema haya, kisha akampa mkewe. Akishika usukani wa gari la gemu, hapo ulimi ulifunguka. Ni humo garini, kati ya kona na kona, ndimo Kitinda alimomweleza baba yake upweke wake wa miezi ya kwanza, na ni humo Fundi alimokiri kwamba bado humwekea kiti chake mezani. Saa ile ya Jumamosi ilikuwa ndiyo nyumba yao wawili.

Basi laptopu ikashikwa na homa. Kwanza feni yake ilianza kuvuma hata gari likiwa limesimama. Halafu sehemu ya chini ikawa haishikiki. Gari nalo likaanza kusitasita mlimani, picha zikikatikakatika, na mwisho kioo kikawa cheusi ti.

"Baba, ulipotea," Kitinda alisema waliporudi hewani.

"Ah, mtandao," alijibu Fundi. "Mtandao wa huku haueleweki."

Akawa ametupa kosa kwa mtandao, ambao hauna mdomo wa kujitetea. Ukweli aliujua vizuri, lakini angeusemaje? Fundi Baridi, mpoza vitu wa mtaa mzima, ashindwe na joto ndani ya sebule yake mwenyewe! Mlango wa pili kutoka kwake palikuwa na fundi wa kompyuta, kijana mpole aliyemwamkia shikamoo kila asubuhi. Fundi aliitikia marahaba, akapita akitazama angani.

Akaamua kujitibia mwenyewe. Aliipepea kwa kipande cha boksi, mkono mmoja usukani, mkono mwingine ukipepea, gari likaenda shambani. Aliposhindwa huko, likamjia wazo ambalo fundi wa mafriji peke yake angeweza kulipata. Mchana mmoja aliiwasha gemu, akaisukuma laptopu ndani ya friji lililokwishapona, akaketi kwenye kigoda mbele ya mlango uliokuwa wazi, akaingiza kichwa na mikono. Baridi ilikuwa tamu. Laptopu ikanyamaza kuvuma na gari likapaa mlimani kama ndege.

"Kulia! Kulia! Kaza hapohapo!" alijipigia kelele.

"Fundi?" Nyuma yake alikuwa amesimama mwalimu, mwenye friji.

Fundi aligonga kichwa kwenye rafu. "Karibu, mwalimu. Nasikiliza kompresa."

"Kompresa ndiyo inayoambiwa kulia?"

"Imeegemea kushoto kidogo. Nairekebisha."

Mwalimu alikuwa na adabu, hakuuliza la pili. Lakini laptopu ilipotolewa kwenye baridi na kukutana na hewa ya karakana, ilitoka jasho mwili mzima. Matone yakajipanga juu ya kioo na katikati ya vibonye. Fundi akaikausha kwa ncha ya shati, akaapa kutorudia. Tangu siku hiyo ikawa inazima mapema zaidi.

Wakati huohuo, huko mbali, Kitinda alikuwa na neno. Alikuwa amemweleza mama yake kwanza, kama mabinti wafanyavyo, na mama alifurahi sana. "Lakini hilo, mwanangu, mwambie baba yako mwenyewe," alimshauri. "Mwambie humo kwenye gari lenu. Humo ndimo anamosikia."

Jumamosi ilipofika walianza safari. Laptopu ilikuwa inafukuta. Walikuwa nusu ya mlima, barabara nyembamba, korongo upande mmoja, Kitinda alipovuta pumzi na kusema:

"Baba, kuna mtu. Ameniomba tuoane, nami nimempenda. Lakini sitampa jibu mpaka nipate radhi yako."

Hayo ndiyo aliyoyasema Kitinda. Aliyoyasikia baba yake ni maneno mawili tu: "Baba, kuna..." Mengine yalizimika pamoja na laptopu. Fundi, dereva mzoefu, alijaza mwenyewe lililopungua. Kuna nini tena mlimani kama si kona? Hata kioo kilipokuwa cheusi, vidole vyake vilikuwa vimekwishakata kulia.

Simu ikaita. Sauti ya Kitinda ilikuwa ndogo. "Baba, umesikia nilichosema?"

Fundi alipiga hesabu ya haraka. Akisema hakusikia, ataulizwa kwa nini, na mtandao alikwishautumia mno. "Nimesikia, mwanangu."

"Umesikia yote?"

"Yote. Nimesikia."

Sasa kila mwenye Kiswahili analijua neno hilo. Mtu mzima akiletewa jambo zito, akajibu nimesikia na kunyamaza, basi hajakubali. Kitinda alilijua pia. Akauliza, "Na unasemaje?"

"Mimi?" Fundi aliikumbuka ile kona. "Mimi nasema haraka ya nini? Punguza mwendo kwanza. Ukiingia pale kichwa kichwa utaanguka, na utaniangusha na mimi."

"Haya, baba," alisema Kitinda, akakata simu.

Jumamosi iliyofuata Kitinda alisema ana zamu. Na iliyofuata, zamu tena. Fundi aliweka laptopu mezani hivyohivyo, akavaa vipokea sauti, akangoja. Alijua kilichomponza, au alidhani anajua: binti amechoka na dereva wa gari linalozimika kila mlima. Ilimuuma sana. Angelia kama si kwamba alikuwa fundi.

Mama Kitinda naye alingoja mumewe aseme neno kuhusu posa. Kimya. Akamtengea chai bila utani, akimtazama kwa pembe ya jicho. Fundi aliliona jicho hilo, akaamini kuwa mwalimu amepeleka habari za friji. Naye akanyamaza zaidi. Wapenzi wawili wa miaka mingi wakawa wanapishana ukumbini kama wapangaji.

Hatimaye mama yule alishindwa. Aliingia karakana, akazima redio, akasimama katikati ya mafriji mikono kiunoni.

"Baba Kitinda, mimi nimevumilia, sasa basi. Mtoto analia. Jioni ya leo anakwenda kumwambia yule kijana hapana."

"Kijana gani?"

"Usinichezee, mume wangu. Kijana aliyemposa. Mtoto ameiomba radhi yako, wewe ukamkatia gari katikati ya maneno, kisha ukamwambia haraka ya nini."

Bisibisi ilimdondoka Fundi. Alikaa juu ya mtungi wa gesi, akaonekana mzee ghafla. "Mke wangu, mimi sikusikia kitu."

"Ulimwambia umesikia!"

"Nilimwambia."

"Ukamwambia akiingia kichwa kichwa ataanguka!"

"Nilidhani ni kona!"

Mama Kitinda alishusha mikono kutoka kiunoni. Fundi akatazama sakafu, na kwa mara ya kwanza akalisema. "Laptopu inachemka. Inachemka hasa. Siku ile ilizima yenyewe. Nimeipepea, nimeiweka kwenye friji, imenishinda."

"Kwenye friji?"

"Usinicheke."

Alichekwa. Mkewe alicheka mpaka akashika mlango wa friji la mtu asianguke, machozi yakimtoka. Kisha akajifuta kwa ncha ya khanga, akamshika mumewe bega kwa upole. "Mpigie. Mwambie hivyohivyo ulivyoniambia."

"Ataniona mimi fundi gani?"

"Afadhali akuone fundi mbaya kuliko akuone baba mbaya. Mpigie, jioni inaingia."

Fundi alipiga. Vidole vilivyozoea skurubu ndogo kuliko punje ya mchele vilikosea namba, vikarudia.

"Baba?" Sauti ilikuwa ya mtu aliyekwishavaa viatu.

"Kitinda, usiondoke. Laptopu yako ina homa."

"Nini?"

"Inachemka, mwanangu, kama sufuria. Si mtandao, nilidanganya. Siku ile mlimani ilizima. Nilisikia 'Baba, kuna' basi, nikakata kulia. Sikukukatia wewe. Nisingekukatia wewe hata siku moja."

Kisha kikasikika kicheko chenye kilio ndani yake. "Kwa nini hukusema, baba?"

"Niliona aibu. Watu wananiita Baridi."

"Mimi nakuita baba."

Fundi alipangusa pua kwa kiganja chenye grisi, akajichora sharubu. "Sasa rudia neno lako. Polepole. Laptopu iko mbali, haiwezi kutuharibia."

Kitinda akarudia: kuna mtu, ameniomba tuoane, nimempenda, nataka radhi yako. Safari hii kila neno lilifika. Fundi alifikiria vile alivyokuwa ametaka kuilinda sifa yake, na jinsi mtoto alivyokuwa tayari kuitupa furaha yake kwa ajili ya neno moja la baba asiyejua hata ameulizwa nini.

"Baba? Usiniambie umesikia."

"Siambii hivyo. Nimeridhia, mwanangu. Nimeridhia kwa moyo mweupe. Nenda ukampe jibu lake, na safari hii usipunguze mwendo."

Mama Kitinda alipiga kigelegele kilichoyatikisa mafriji.

Aibu ikiisha kutoka, dawa haikai mbali. Kabla hajakata simu, Kitinda akamwambia baba yake aigeuze laptopu na kumweleza anaona nini chini yake. Fundi alikwenda sebuleni, akaigeuza. Aliona maua. Mke wake, katika mapenzi yake, alikuwa ameishonea laptopu kitambaa cha uzi kama vile vya kwenye makochi, akakikaza kwa lastiki pembe zote nne ili isikwaruze meza. Kilikuwa kizuri, na kilikuwa kimeziba matundu yote ya feni.

"Nilikuwa nairembesha," alisema mama kwa sauti ndogo.

"Umeirembesha, mke wangu. Umeibana ukutani, ikakosa pumzi." Fundi alisema hivyo, kisha akajicheka, maana wasia huo aliwapa watu kila siku. Kesho yake aliingia mwenyewe kwa jirani, fundi wa kompyuta, akamweleza yote bila kuacha hata friji. Kijana alifungua mgongo wa laptopu, akatoa kwenye feni vumbi lililoshikana kama sufi ya mto, akaweka dawa mpya ya kupozea. Wakaachana wakiwa marafiki.

Jumamosi, gari lilipanda mlima mzima bila kuzimika. Kwenye vipokea sauti kulikuwa na sauti ya pili, nzito na yenye haya, ikimwamkia Fundi shikamoo, baba. Fundi aliitikia kwa furaha kubwa mno, akaliingiza gari mtaroni.

"Huyo ndiye mkwe wako, umemtupa mtaroni siku ya kwanza!" alisema Mama Kitinda, akiegemea kiti cha mumewe. "Na mshukuru Mungu kwamba ulifumbua mdomo, Baba Kitinda. Mficha uchi hazai. Na kama amekwishazaa, mkwe hampati."