Spageti za Osaka na Kofia ya Bi Salha

Hapo zamani, na msiniulize zamani ipi, maana ndege zilikuwapo na simu zilikuwapo, palikuwa na hoteli Unguja ya mama mmoja akiitwa Bi Salha. Hoteli ile ilipendwa na Wajapani. Lakini Wajapani wale, kila wakiletewa pweza wa nazi, wanakula, wanashukuru, kisha wanauliza kwa adabu: "Spageti kama zile za mgahawa wa Kizungu wa kwetu Osaka, hamna?"

Bi Salha akachoka kusema hamna. Mpishi wake mkuu alikuwa amestaafu, na kofia yake nyeupe, ndefu, ilining'inia msumarini jikoni haina mwenyewe. Akawaita wapishi wake watatu: Mwanakheri, Mbarouk na Faki.

"Nendeni Osaka mkale kwenye mgahawa huo," akasema. "Atakayeniletea siri ya spageti zile, kofia ni yake."

"Bi Salha," akasema Mwanakheri, "chakula cha Kizungu tukakitafute Ujapani?"

"Kwani biriani lako ulijifunzia India?"

Mwanakheri akakubali kwenda. Kofia ile aliitaka, jamani, aliitaka mpaka akaiota. Miaka kumi na minne anamenya, anakaanga, anaunga, na sifa zinakwenda kwa mwenye kofia. Isitoshe, kwa kuhudumia wageni miaka yote hiyo, Kijapani cha kubabaisha alikijua. Akafunga mkoba wake akijua safari hii ni yake.

Wakafika Osaka. Wakauona mgahawa, adhuhuri, na mlangoni kasimama mwenye mgahawa, Bi Hanae, anainama.

"Samahani sana," akasema. "Leo meza zimejaa. Na kesho zimejaa. Na wiki ijayo zimejaa."

Haya, mtu ametoka Unguja, anaambiwa zimejaa! Mwanakheri akataka kulia pale pale. Lakini pembeni ya mlango palikuwa na rafu, na juu ya rafu sahani ya spageti zinang'aa, na uma umesimama hewani wenyewe, umezoa tambi.

"Hii ni ya kuonja hii," akasema Mbarouk, ambaye tangu ndegeni hajatia kitu mdomoni. "Hata sokoni Darajani muuza halua hukuonjesha kwanza."

Kumbe ile ilikuwa sanamu ya chakula, plastiki tupu, huwekwa wapita njia waone kinachopikwa ndani. Mbarouk akang'ata. Ka! Jino la mbele likabaki kwenye spageti.

"Ole wangu!" akapiga kelele Bi Hanae. "Mgeni kaumia mlangoni kwangu!" Akainama mara saba, akatoa meza sijui wapi, viti sijui wapi, akawaketisha.

Basi wakaketi. Meza ya jirani palikuwa na mzee mmoja mkavu, peke yake, na kikombe cha kahawa. Huyo ni Mzee Kuramoto, baba yake Bi Hanae, aliyeuanzisha mgahawa. Siri yote alikuwa nayo yeye, na alikuwa hasemi na mtu.

Sahani ya kwanza ikaletwa, ya Mwanakheri. Spageti zinatoa mvuke, harufu inamwita kwa jina. Sasa nyinyi mnajua, mtu hali mbele ya mtu bila kumkaribisha. Mwanakheri akamgeukia yule mzee, akanyoosha mkono kwenye sahani, akasema kwa Kijapani, "Karibu!"

Kwetu ukikaribishwa unajibu, "Ahsante, nimeshiba," hata kama utumbo unalia. Mzee Kuramoto hakuyajua hayo. Akasimama, akainama, akabeba kiti chake, akahamia. Akashika uma, akala. Mwanakheri akasubiri aonje tu, aache. Wapi! Akala moja, akala mbili, akala robo, akala nusu, na Mwanakheri anatabasamu, machozi yanamlenga. Alipomaliza akafuta midomo, akanyamaza vile vile.

Ikaletwa sahani ya Faki. Faki alikuwa amesikia kwa wageni kwamba Ujapani, ukila tambi za supu bila kuzivuta kwa sauti, mpishi huhuzunika. Ila hakuambiwa kwamba kwenye mgahawa wa Kizungu mambo ni kinyume, hapo watu hula kimya kama wamo kwenye mtihani. Faki akainamia sahani, akavuta. Fyuuuuuu!

Mgahawa wote ukaganda. Mwanamke mmoja akaangusha kisu. Mzee Kuramoto akamkodolea macho Faki. Kisha akaisogeza kwake ile sahani, akainama na yeye: Fyuuuuuu! Akacheka mpaka akapaliwa.

"Miaka arubaini!" akasema. "Miaka arubaini nawakataza watu hapa wasivute, tuonekane Wazungu, na mwenyewe nakufa kwa hamu!"

Ulimi ukafunguka. Akamshika Mwanakheri mkono, maana yeye ndiye aliyemkaribisha, akamwambia siri: spageti zichemshwe asubuhi, zilale mpaka mchana, zikaangwe kwa siagi na sosi ya tomato ya chupa, na mwisho kijiko cha maziwa. Basi! Mwanakheri akawatafsiria wenziwe papo hapo, nao huku wanakula.

Wakarudi Unguja, wakapika. Wajapani wakala, wakafumba macho, wakaomba tena. Bi Salha akaitoa kofia msumarini. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza.

"Bila jino langu," akasema Mbarouk, "mngekula hewa mlangoni. Bi Salha, tazama pengo hili!"

"Ulitumwa kung'ata plastiki?" akasema Faki. "Mzee alikuwa bubu mpaka nilipovuta mimi. Bila mvuto wangu mngerudi na pengo na njaa."

"Ulivuta kwa ulafi wako!" akasema Mwanakheri. "Mimi ndiye niliyemleta mzee mezani. Chakula alichokula kilikuwa changu. Siri kaniambia mimi, mkono kanishika mimi. Nyinyi mmeshiba, mimi sikuonja hata uzi mmoja!"

Bi Salha akamtazama sana. "Mwanakheri, mwanangu, hebu niambie. Ulipomkaribisha yule mzee, ulitaka aje?"

Mwanakheri akaitazama kofia, iko karibu hata angeweza kuigusa. Neno moja tu, "nilitaka", na kofia ingekuwa kichwani. Nani angejua?

"La, Bi Salha," akasema. "Nilisema karibu kwa mdomo. Moyoni nilikuwa namwomba Mungu akatae."

Mbarouk akacheka. Faki akasema, "Basi, kajitoa mwenyewe!" Bi Salha hakucheka. Kasimama na kofia mkononi, mara aielekeze huku, mara kule, na wageni huko nje wanagonga sahani.

Haya nyinyi mnaonisikiliza, nisaidieni, msije mkanyamaza sasa kama Mzee Kuramoto. Yuko aliyetoa jino bila kukusudia. Yuko aliyefungua ulimi wa mzee kwa kuvuta tambi akidhani ndiyo adabu. Yuko aliyekaribisha asikusudie, akalala na njaa, na alipoulizwa akasema kweli iliyomuumiza. Je, nani alistahili kofia?