Nazli na Kiapo cha Mguu Juu

Paukwa!
Pakawa!
Twende wapi?
Kwenye milima ya Waturuki!

Basi hapo kale, katika kijiji kimoja cha milimani, mwanamke alijifungua mtoto wa kiume. Maziwa yakakataa kutoka. Mbuzi wa kijiji nao walikuwa wamekauka. Mtoto akalia mpaka sauti ikamwisha.

Dada yake aliitwa Nazli. Akasema, "Nakwenda kwa Zimwi Mke. Mbuzi wake hakauki."

"Atakumeza," akasema nyanya yake, Bibi Elmasi. "Au atakuapisha. Sikiliza, mjukuu wangu. Akikuapisha, inua mguu mmoja ndani ya gauni. Kiapo cha mguu juu hakishiki. Hapa kwetu kila mtu anajua."

Basi Nazli akapanda mlima. Akamkuta Zimwi anaoka mkate juu ya bamba la chuma. Jino lake moja lilifika kidevuni.

"Nasikia harufu ya mtu," akasema Zimwi. "Karibu, kitoweo."

"Shikamoo, mama. Nimekuja kuomba maziwa. Mdogo wangu anakufa njaa."

"Shikamoo haishibishi."

"Hata mimi sishibishi, mama. Tazama mifupa hii."

Zimwi akacheka. "Haya. Nitakupa maziwa. Theluji ya kwanza ikianguka, urudi umenenepa, nikule. Apa!"

Watu wa kule huapa kwa mkate. Nazli akamega kipande, akakichovya kwenye chumvi, akakiweka kwenye paji la uso. Akaapa kwa mkate. Akaapa kwa chumvi. Akaapa kwa moto wa jikoni. Na ndani ya gauni, mguu wake wa kushoto ulikuwa juu.

Zimwi akamtazama kitambo. Kisha akampa kiriba cha maziwa yasiyokwisha.

Mtoto akanywa, akalala. Akanywa, akalala. Akanywa, akacheka.

Siku moja theluji ya kwanza ikaanguka. Nazli akashindwa kula.

"Una nini?" akauliza Bibi Elmasi. "Si uliinua mguu?"

"Niliinua, bibi."

"Basi hakuna kiapo. Kula."

"Mkate haupiti, bibi. Kila nikiumega, nakumbuka nilivyouweka pajini."

"Zimwi si mtu!"

"Lakini mkate ulikuwa mkate. Na maziwa yalikuwa maziwa."

Asubuhi akambusu mdogo wake shavuni, akapanda mlima.

Zimwi alikuwa amesimama mlangoni, theluji mabegani.

"Mama, nimerudi," akasema Nazli. "Ila kabla hujanila, nina neno. Siku ile niliinua mguu."

"Niliuona."

"Uliuona?"

"Mwanangu, ulikuwa unayumba kama kuku kwenye upepo. Hata kipofu angejua."

"Mbona ulinipa maziwa?"

"Mdogo wako yeye hakuinua mguu."

Nazli akalia. Zimwi akamega mkate wa moto, akauchovya kwenye chumvi, akauweka kwenye paji lake mwenyewe. Akakanyaga chini kwa miguu yote miwili, vyungu vikatikisika.

"Kwa mkate huu, kwa chumvi hii, kwa moto huu, sitamla aliyerudi kwangu."

Akampa Nazli nusu ya ule mkate. Nazli akatafuna, akameza. Mkate ukapita.

"Sasa niambie," akasema Zimwi. "Mtoto ameota meno?"

"Mawili, mama."

"Mlete nimwone. Simli. Labda nimng'ate shavu kidogo."

Basi kila theluji ya kwanza Nazli alipanda mlima na mdogo wake. Kwanza alimbeba mgongoni. Baadaye alimshika mkono. Mwishowe yule mtoto akawa anakimbia mbele, anaita, "Bibi Zimwi, tumefika!"

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni kwa Zimwi, mkate ungali moto. Nanyi wanangu, mkiapa, kanyageni chini kwa miguu yote miwili. Aliyekutendea wema hadanganywi, hata awe na jino refu.