Nesi Aliyemwombea Mgonjwa Wake kwa Sauti

Bwana asifiwe. Mkae. Na ninyi wa benchi la nyuma mliokuja kusinzia, leo sinzieni kwa jicho moja, maana haya yanawahusu kuliko hawa wa mbele.

Kulikuwa na nesi mmoja katika zahanati ndogo ya kanisa, mahali ambapo kila mtu anamjua mbuzi wa kila mtu. Nesi mwema. Nasema mwema, sifanyi kejeli. Sindano yake haikuumiza, hakuwafokea wazee, na kila Alhamisi alasiri ndiye aliyeongoza maombi ya akina mama. Shetani hahangaiki kumtuma mtu mbaya pale ambapo mwema asiyefunga mdomo anatosha.

Kwa nesi huyo akaja mama mmoja anakohoa. Huyu alikuwa mpishi wa shule ya chekechea. Alikoroga uji wa watoto wa watu, na kazi hiyo ndiyo iliyowalisha wa kwake, kwa kuwa mume alikwisha kwenda alikokwenda. Makohozi yakapimwa. Kifua kikuu.

Mama akashika meza kwa mikono miwili.

"Dada, wakinitoa pale jikoni, wanangu watakula nini?"

"Hakuna wa kukutoa. Utakaa nyumbani kwanza mpaka dawa ishike. Nitakupima tena, nikiona huambukizi, unarudi kwenye sufuria yako. Ila dawa usiache, hata ukijiona mzima. Ukiacha, ugonjwa unarudi na meno."

"Na hili neno?"

"Hili neno linaishia hapa, mimi na wewe."

Basi mama akaaga shuleni kwamba anakwenda kumuuguza shangazi. Kila asubuhi akapita mlango wa nyuma wa zahanati, akameza dawa zake mbele ya nesi, akaondoka. Akapimwa tena, haambukizi, akarudi jikoni. Dawa zilikuwa bado za miezi, lakini mashavu yalishaanza kurudi. Mpaka hapo nani kakosa? Hakuna.

Ikaja Alhamisi. Akina mama wamekaa duara, nesi anauliza nani ana ombi, kisha anatoa la kwake. Na machozi yake yalikuwa ya kweli, msidhani alikuwa anaigiza.

"Nina mama mmoja, jina sitaji. Ana kifua kikuu, yuko katikati ya dawa, na bado anahangaika kuwapikia watoto wadogo uji. Tumwombee. Bwana amfunike."

Jina sitaji! Mnacheka? Wapika uji wa watoto pale walikuwa wangapi? Mmoja! Huko ni kumfunika mtu uso ukamwacha uchi mwili mzima.

Wakasema amina. Amina kubwa. Na kanga hazijamaliza kukung'utwa vumbi, mmoja akamsogelea mwenzake.

"Shoga, si yule anayempikia mwanao?"

"Ndiye! Na juzi mwanangu kakohoa!"

"Sasa tufanyeje? Tumwombee tu."

"Tumwombee, ndiyo. Lakini uji wake, mh!"

Kesho yake uji ukaiva, ukapoa, ukaota ngozi juu. Watoto wamepangwa mstari na vikombe vyao, na nyuma ya kila mtoto kasimama mama yake, kamkamata bega. Mpishi yuko na upawa mkononi, hajui lolote. Anaita, "Njooni wanangu, uji unapoa." Hakuna anayesogea. Anawatazama, wao wanatazama vikombe. Kisha mama mmoja akasema, kwa upole kabisa, "Tunakuombea, mwenzetu."

Hapo akajua.

Mwalimu mkuu hakumfukuza. Alimwambia, "Mama, pumzika kwanza." Ninyi pumzika ya namna hiyo mnaijua.

Tangu siku hiyo mpishi hakukanyaga zahanati. Angekanyagaje? Kuingia lile lango kulikuwa ni kujitolea ushahidi. Nesi akaweka dawa mfukoni, akaenda kumgongea.

"Fungua, nimekuletea dawa."

"Dawa ya nani? Humu hamna mgonjwa."

"Usinifanyie hivyo. Utakufa, wewe!"

"Paza sauti kidogo, majirani wa kule juu hawajasikia."

"Mimi sikukusengenya. Nilikuombea!"

"Ungeniombea kimya. Kwani Mungu kiziwi?"

Mlango haukufunguliwa. Akarudi tena na tena, mlango ni ule ule, na ndani kikohozi kimeanza upya, anakisikia kwa masikio yake. Mwisho akapiga magoti kizingitini, koti lake jeupe kwenye udongo.

"Nimekukosea. Kwangu usije, sawa. Nitakuhamishia zahanati ya ng'ambo ya mto, hawakujui. Kunywa dawa kwa ajili ya wanao."

Sauti ikauliza kutoka ndani, "Na huko nako kuna Alhamisi?"

Alikwenda. Si kwa kumsamehe nesi, alikwenda kwa sababu ya wanawe. Kwa miguu, kila asubuhi, akizunguka nyuma ya mashamba ili watu wasimwone. Akamaliza dawa, akapona. Jikoni hakurudishwa, lakini yu hai. Nesi akashusha pumzi, akasema Bwana amelitengeneza, yamekwisha.

Na ninyi mnatafuta viatu? Kaeni.

Katika duara la Alhamisi ile alikuwamo mdogo wake nesi, wa tumbo moja. Naye alikuwa anakohoa. Alikuwa anasingizia moshi wa kuni, lakini moyoni aliogopa, na alikwisha kata shauri kwamba kesho yake ataenda zahanati, kwa dada yake, akapimwe. Kisha akaisikia sala. Akasema amina na wenzake, akafunga kanga, akaenda nyumbani. Tangu hapo alikohoa akiwa ameuma mto. Akiulizwa, ni moshi. Akikonda, ni kazi za shamba. Mbele ya dada yake alikuwa hakai muda mrefu.

Siku waliyombeba kwenye machela kumpeleka hospitali ya mkoa, mapafu yalikuwa yameshaliwa. Nesi akamwinamia pale kitandani.

"Mdogo wangu, dawa ninazo kabatini! Mimi dada yako, mimi nesi! Kwa nini hukuniambia?"

Yule akatafuta pumzi mpaka akaipata.

"Ningekuambia, dada, ungeniombea."

Wakamzika.

Sasa sisi. Msimnyooshee kidole nesi, sisi hatuna zahanati lakini midomo tunayo. Ni sisi tunaomwona mtu kwenye benchi la kliniki, na kabla hatujafika nyumbani tumeshampima na kumpa majibu. Ni sisi tunaopekua pakiti za dawa za mkwe tukijifanya tunafagia chumba. Ni sisi tunaotuma kwenye simu, "Tumwombee dada yetu, majibu si mazuri," na picha yake kitandani, nywele timutimu, mpira wa dripu mkononi. Ulimwuliza? Angekuwa na nguvu ya kukunyang'anya hiyo simu, ungeipiga hiyo picha?

Na ninyi wenye makoti meupe, nawaona, msijifiche nyuma ya nguzo. Mnaita majibu ya mtu dirishani kwa sauti ya mnadani. Faili lake mnaliacha wazi mezani, kila anayepita anachungulia. Mnadhani mmemuumiza huyo mmoja? Kuna mwingine kasimama kwenye foleni, amesikia, amegeuka amerudi kwake. Huyo hamtamwona tena mpaka aje kwa machela. Mungu atawauliza habari zake, na hamtakuwa na jibu, kwa sababu hata hamkujua kwamba alikuja.

Mgonjwa akikuambia lake, likae kwako. Ukitaka kumwombea, ingia ndani, ufunge mlango. Ukitaka kumwombea mbele za watu, muulize kwanza, na akikataa usinune.

Haya, tusimame, ni wakati wa maombi. Ugonjwa wa mwenzako usiutaje, mwachie mwenyewe. Anayetaka kuutaja ugonjwa wake, wake yeye, kwa jina, hapa mbele yetu sote, aje aanze.

Nangoja.

Mbona wote mnaangalia chini?