Mgongo wa Ramani ya Shimo la Kumi na Nne

Wako watu ambao wakitumwa kwenda kuikagua nyumba husimama kizingitini, wakagonga ubao wa mlango, wakazisifu bawaba kwa kutolia, kisha wakarudi na habari kwamba nyumba ni nzima. Waulize paa linavujia wapi, watabaki wakikutolea macho. Wahenga walikuwa na neno kwa watu wa namna hiyo. Mwaka jana, huko Kolwezi, mji wa machimbo nchini Kongo, neno hilo lilimwangukia binti mmoja msomi, na ilikuwa chupuchupu liwaangukie pia wanaume kumi na mmoja wasiokuwa na kosa lolote.

Binti huyo aliitwa Naomie. Alisomea kompyuta mjini Lubumbashi, akahitimu kwa alama ambazo mama yake alizisimulia kanisani Jumapili tatu mfululizo. Ushirika wa wachimbaji uitwao Tujikaze, wenye ofisi kando ya barabara ya Mutoshi, ulimwajiri ili aondoe kompyuta tatu kuukuu zilizochukua nusu saa kuamka na zilizojaa virusi kama mbwa wa sokoni alivyojaa kupe. Mwenyekiti wa ushirika, mama Henriette, alimpa wiki mbili, chumba chenye feni na baraka zake zote.

Kazi yenyewe haikuwa ya kitoto. Ramani za mashimo ya ushirika, mia tatu na kumi na mbili kwa jumla, hazikukaa katika kompyuta za mezani. Zilikaa katika kompyuta moja kubwa ya kuhifadhia, ile iitwayo seva, iliyofungiwa katika kijichumba cha nyuma. Kila kompyuta ya mezani ilihitaji programu ya kwenda kubisha hodi kwa seva kupitia waya, kuomba faili na kuileta kwenye kioo. Kompyuta mpya zilitumia mfumo mwingine kabisa, kwa hiyo Naomie aliamua kuandika programu ya kubisha hodi yeye mwenyewe, mstari kwa mstari.

Siku ya kumi programu iliiva. Ramani zilizokuwa zikijikokota sasa zilifunguka kufumba na kufumbua. Mama Henriette alipiga makofi, makarani wakafuata, na Naomie, tusimfiche, kichwa kikamvimba kidogo.

Mtu mmoja tu hakupiga makofi. Huyo alikuwa tata Mukalay, na tata huko ni baba, mpimaji wa mashimo, mzee wa miaka sitini na mitatu aliyechora kila ramani iliyokuwamo ndani ya seva ile. Alikiinamia kioo, akaisoma ramani moja kutoka juu hadi chini, kisha akajikuna sikio.

"Inafunguka mbio," alisema. "Lakini ramani yangu iko nusu. Mugongo yake iko wapi?"

"Mugongo, tata?" Naomie alitabasamu. "Hii haiko karatasi. Faili, fichier, haina mugongo."

"Yangu iko nayo."

"Tata Mukalay, nilipima yote, moja moja. Ukubwa wa kila moja iko sawasawa na zamani. Hata herufi moja haikupotea."

"Sikatale. Lakini uniachie ordinateur moja ya zamani, tafazali."

Naomie alicheka kimoyomoyo. Alimwona kama wazee wengine wote anaowajua, ambao hukipenda kitu kwa sababu tu wamezeeka nacho pamoja. Alimjibu kwa adabu kwamba virusi vya kompyuta moja vingeambukiza zote, na alasiri hiyohiyo akazifuta zote tatu zikabaki tupu. Mukalay hakugomba. Alichukua kofia yake, akaaga, akaenda zake nyumbani Kasulo. Laiti Naomie angemfahamu vizuri, kimya hicho kingemtosha kama onyo.

Ijumaa asubuhi akaja Guelord, kiongozi wa timu ya wachimbaji kumi na mmoja. Katika ushirika wa Tujikaze mashimo hugawanywa kwa zamu, na timu isiyoshuka Jumatatu ya zamu yake hurudi mwisho wa foleni. Guelord na wenzake walikuwa wameingoja zamu hiyo tangu mvua za kwanza. Wengine walitoka Kasai, wengine Kapanga, na mmoja alitoka Musumba kwa pikipiki, siku nne za tope. Walikuwa wamepangiwa shimo la kumi na nne.

Naomie akamchapia ramani. Guelord aliipokea kwa mikono miwili na, kabla hata ya kuutazama uso wake, akaigeuza. Nyuma palikuwa peupe. Uso ukamchanua, akaibusu karatasi.

"Mugongo iko safi," alisema. "Mungu eko. Lundi asubui tunashuka." Jumatatu hiyo ndiyo ilikuwa zamu yao. Kisha akaigeuza tena na kukipitisha kidole juu ya mstari mnene uliochorwa upande wa magharibi kuonyesha mawe yenye madini. "Ona hii majiwe yote. Njo kule tutapiga."

"Juu ya nini unaanza na mugongo, tata Guelord?"

Guelord alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini bukari, ugali wa kwao, huliwa kwa mkono. "Mama Naomie, ku uso ya ramani banaandika majiwe tu. Ukiandika kifo kule, majiwe inakasirika, inakimbia. Mambo ya mubaya, tata Mukalay anaiandika ku mugongo. Mugongo ikiwa nyeupe, shimo iko muzuri. Tunafanya vile tangu zamani, hata mbele ya maordinateur."

Naomie alielewa yote kwa mkupuo mmoja. Mzee hakuwa akililia karatasi. Kweli ramani zake zilikuwa na mgongo ndani ya seva, na programu yake haikuuona. Tena haikukaa kimya tu, ila ilitoa ukurasa mweupe, na kwa wachimbaji weupe ule ulikuwa neno kamili lenye maana ya "shukeni salama". Alikuwa amewaandikia watu kumi na mmoja uongo bila kuandika kitu.

Aliona haya, lakini hakujificha nyuma ya haya hiyo. "Tata Guelord, hiyo nyeupe haiko ya shimo," alisema. "Iko ya kosa yangu. Kama kule nyuma kuko kitu, mi sijui."

Guelord hakupendezwa. Alisema angeshuka na weupe wake hivyohivyo, kwani watoto hawali ramani. Ikabidi waende wote wawili kwa mama Henriette, naye, mwanamke asiyependa maneno marefu, akainyakua karatasi na kuikalia.

"Mpaka lundi asubui," alisema. "Ramani ikikuya na mugongo yake, tutaisoma na mutashuka. Isipokuya, shimo inafungwa na timu yako inarudia nyuma ya foleni. Mi sizike mutu juu ya haraka."

Guelord alitoka bila kuaga. Mlangoni aligeuka akamwambia Naomie kwa sauti ya chini, "Miezi tano, mama. Tulingojea miezi tano." Maneno hayo yalimchoma Naomie kuliko tusi.

Hakungoja kesho. Alipanda pikipiki hadi Kasulo, mtaa ambao karibu kila ua lina mahali palipochimbwa na kufukiwa, akamkuta tata Mukalay ameketi barazani akibambua karanga. Akamsalimu kwa kupiga goti.

"Tata, nilikosa. Uliniambia, mi nikacheka ndani ya roho. Nilipashwa kukuuliza."

"Keti," Mukalay alisema, akamsogezea kigoda na nusu ya karanga. "Sasa uulize."

"Shimo ya kumi na ine, uliandika nini nyuma?"

Mzee alifikiri mpaka karanga tatu zikaisha. "Kuko kitu. Maji, ama udongo mubaya, sikumbuke. Mwanangu, kama ningekumbuka yote, ningeandikia nini?"

Kisha akamweleza. Zamani alikuwa akiandika nyuma ya karatasi kwa penseli. Kompyuta zilipokuja, fundi mmoja aliyeitwa Blanchard alimsikiliza siku nzima kabla ya kugusa kitu chochote, halafu akamwonyesha kwamba seva ile inaruhusu jina moja la faili kubeba mikondo miwili ya maandishi. Wa kwanza ndio unaoonekana na ndio unaopimwa ukubwa. Wa pili hukaa nyuma yake kimya mpaka uitwe kwa jina lake. Blanchard akautengenezea kidirisha cha kuandikia na akaifundisha mashine ya kuchapa kuutoa upande wa pili wa karatasi.

Naomie alijipiga paji la uso. Mikondo hiyo aliisoma chuoni! Ilikuwa ukurasa mmoja tu kitabuni, akauruka kwa kudhani kwamba hakuna binadamu anayeitumia.

Jumamosi asubuhi waliketi pamoja ofisini, binti kwenye kibodi, mzee pembeni na chupa yake ya chai. Naomie aliisoma programu yake upya, na safari hii aliisoma kama mtu anayemtafuta mwizi. Kosa lilikuwa wazi. Programu ilikuwa ikiiambia seva, "Nipe faili hii," basi. Na seva, kama mtoto mtiifu aliyetumwa chumvi, ilileta chumvi na kurudi kukaa. Hakuna aliyewahi kuiuliza, "Una nini kingine chini ya jina hili?"

Akaliandika swali hilo. Mara ya kwanza seva ilikataa. Mara ya pili ilijibu vitu visivyosomeka, na Mukalay akashauri wanywe chai. Mara ya tatu yakatokea majibu mawili kwenye kioo, mkondo wa kwanza usio na jina, na chini yake wa pili wenye jina moja: mugongo.

Tata Mukalay alivua miwani, akaipangusa kwa shati, akaivaa tena. "Njo ile," alisema taratibu. "Njo ile yangu."

Kusoma kulikuwa nusu ya kazi. Naomie aliifundisha programu kuandika mgongo, kuuchapa, na zaidi ya yote kuubeba kila faili inaponakiliwa, maana nakala ya kawaida ilichukua uso na kuutupa mgongo njiani bila hata kusema samahani. Hapo ndipo alipomwambia mzee ukweli uliobaki. Wiki iliyofuata alikuwa amepanga kuzihamisha ramani zote kwenye seva mpya na kuifuta ya zamani, na migongo yote ingepotea milele.

Mukalay aligeuka akautazama mlango wa kijichumba cha seva. "Kama Guelord hangegeuza ile karatasi..." alianza, kisha akaona machozi ya binti na hakuimaliza sentensi. Badala yake alimmiminia chai.

Alasiri walizifungua ramani zote. Sitini na moja zilikuwa na migongo, na si yote iliyokuwa ya kutisha. Mgongo wa shimo la saba ulisema kwamba nyuki wake ni wakali lakini asali yao ni nzuri. Wa shimo la thelathini ulisema mchimbaji aitwaye Mbelu aimbe tu akiwa nje, kwani chini sauti yake iliangusha udongo. Naomie alicheka hadi mbavu zikamuuma, na mzee akaapa kwamba jambo hilo lilikuwa kweli tupu.

Jumatatu asubuhi mama Henriette aliipokea karatasi mpya, akaigeuza mbele ya timu nzima na kusoma kwa sauti. "Mita kumi na munane, ku mangaribi: nyuma ya ukuta kuko maji mingi ya shimo ya zamani. Musipige kule, hata majiwe ikiwaita. Ku mashariki ukuta iko nguvu, majiwe nyeusi ya muzuri iko kule, hakuna mutu aliigusa."

Kila mmoja alijua walipanga kupiga wapi. Guelord aliichukua karatasi, akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati, akaongoza watu wake kwenda kushuka upande wa mashariki.

Naomie hakufanya kazi yoyote asubuhi hiyo. Kila pikipiki iliyopita ilimwinua kitini. Jua lilipofika utosini wakaja, akawahesabu dirishani, akawahesabu tena: kumi na mmoja, wamejaa vumbi, wanacheka, na magunia yao ya mawe meusi yamewalemea. Guelord aliingia ofisini peke yake. Akaweka juu ya meza ya Naomie donge la udongo, kubwa kama ngumi mbili.

"Nilienda kuweka sikio tu ku ukuta ya mangaribi," alisema. "Hii ilianguka yenyewe. Angalia."

Kwa juu donge lilikuwa kavu na gumu, zuri tu, udongo ambao mchimbaji yeyote angeupiga sululu bila wasiwasi. Naomie akalivunja. Ndani lilikuwa tope tupu, na maji yakachuruzika kati ya vidole vyake, yakatiririka juu ya meza hadi chini ya kibodi mpya. Hakuyafuta. Alilia waziwazi mbele ya Guelord, mbele ya mama Henriette na makarani wote, kwa furaha ya kuwaona watu kumi na mmoja wako hai na kwa kukumbuka jinsi alivyosifiwa kwa programu iliyokuwa nzuri usoni tu.

Tata Mukalay alimwacha alie mpaka akatosheka. Kisha akasema yaliyosemwa na wazee kabla yake: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.